Onyesho la hamsta kwa mara ya kwanza: tumpeleke, au twende kutazama tu?

Swali limetoka kwa mama anayeishi Leicester, Uingereza: "Shikamoo. Binti yangu ana miaka 11, anafuga hamsta, yule mnyama mdogo anayefanana na panya; ni dume wa aina ya Kisiria mwenye manyoya marefu, rangi ya krimu, umri wake kama miezi minane. Ameona tangazo la onyesho la hamsta, na tangu siku hiyo nyumbani hakuna mazungumzo mengine. Mimi nimekulia Tanga, mnyama niliyewahi kumwona kwenye maonyesho ni ng'ombe wa Nane Nane. Tumpeleke, au twende kutazama tu? Majaji wanaangalia nini? Je, si kumtesa kiumbe? Na baba yake anasema tukifika huko tumnunulie mwenzake wakae pamoja. Tunaomba ushauri. Na bibi yake kule Tanga anauliza kwa simu kwa nini mjukuu wake anafuga panya."

Marahaba, mama. Nendeni. Hilo sina shaka nalo. Kuhusu kumpeleka hamsta, mtakayemuuliza ni hamsta mwenyewe, na nitawaeleza namna ya kumuuliza. La baba mtoto nitalijibu mbele, lakini aanze kuisahau hiyo fikra mapema.

Kwanza mjue mnakokwenda. Uingereza ina utaratibu wa zamani wa maonyesho haya. National Hamster Council, baraza la wafugaji wa hamsta, ilianzishwa mwaka 1949. Msitarajie uwanja na vipaza sauti. Aghalabu ni ukumbi wa mtaa uliokodiwa kwa siku moja, meza ndefu zimepangwa, na juu yake safu za vizimba vidogo vinavyofanana. Kufanana huko kumekusudiwa. Jaji akiletewa kizimba anaona namba tu, hajui cha nani, kwa hiyo hamsta wa mtu mashuhuri na hamsta wa binti yako wanafika mezani wakiwa sawa. Ndani ya kizimba kuna maranda, chakula kidogo kikavu na kipande cha tango au mboga nyingine ya majimaji badala ya chupa ya maji.

Asubuhi wenye hamsta wanafika, wanapokewa, kila mnyama anakaguliwa afya, kisha anawekwa mahali pake. Baada ya hapo mikono ya wenyewe inaondoka. Wasaidizi ndio wanaopeleka vizimba kwa jaji na kuvirudisha, na pembeni ya jaji hukaa mtu anayeandika alama na maneno yake. Mwenye mnyama hasogei kumwambia jaji "huyo ni wangu". Mfundisheni binti hilo kabla hamjatoka nyumbani, maana kwa mtoto ni gumu kuliko linavyosikika.

Makundi ya kushindania ni mengi, ila kwenu yanayohusu ni mawili. Kuna makundi ya viwango, ambamo hamsta hupimwa na maelezo yaliyoandikwa ya rangi yake na aina ya manyoya yake. Humo huingia wafugaji waliochagua baba na mama kwa miaka. Halafu kuna kundi la hamsta wa nyumbani, ambako rangi na umbo si hoja. Anayetafutwa ni mnyama mwenye afya, msafi, mpole mkononi. Mwandikisheni huko. Hamsta aliyenunuliwa dukani akiingizwa kwenye kundi la viwango atashindwa vibaya, na mtoto atarudi nyumbani akiamini kwamba kipenzi chake ana kasoro, wakati kasoro hana. Kwenye kundi la nyumbani mtoto aliyemlea hamsta wake vizuri humshinda mtu mzima, na nimeona hilo likitokea mara nyingi.

Hata hivyo, simameni karibu na meza za viwango mtazame, kwa sababu elimu ya siku hiyo ipo hapo. Kwa hamsta wa Kisiria alama ni 100, zimegawanywa hivi: rangi na mabaka 30, umbo 25, manyoya 20, ukubwa 10, hali ya mwili 10, macho na masikio 5. Mkitazama mikono ya jaji mtaona mgawanyo huo ukifanya kazi. Anamtoa hamsta, anamlaza kwenye kiganja, anatazama kichwa kama ni kipana na pua kama ni butu, anapitisha kidole mgongoni kuhisi nyama na uti. Kisha anayapuliza manyoya. Pumzi moja fupi, na manyoya yanafunguka mpaka kwenye ngozi.

Hapo ndipo siri ilipo. Hamsta wa rangi ya asili, ile ya dhahabu, kwa juu ana wekundu wa mahogani wenye ncha nyeusi, lakini ukipuliza unakuta chini kuna kijivu kizito kama cha jiwe. Asipokuwa na kijivu hicho anapoteza alama, hata kama kwa juu anang'aa. Krimu ni kinyume chake: rangi inatakiwa ishuke ileile hadi kwenye shina la unywele, macho yawe meusi na masikio yawe ya giza. Binti akirudi nyumbani ampulize wa kwake taratibu atazame. Hatamwona tena kwa macho ya zamani.

Sasa tuje kwenye kumuuliza hamsta.

Chukueni wiki tatu kabla ya siku yenyewe. Kila jioni, hamsta akishaamka mwenyewe, binti amchukue kwa viganja viwili kutoka chini, si kwa kumshika kutoka juu kama mwewe anavyomnyakua kifaranga. Wafanye hivyo wakiwa wamekaa sakafuni, kwani hamsta haoni mbali wala hajui kupima kina. Atatembea hadi ukingoni mwa mkono na kuendelea kutembea hewani. Wiki ya kwanza amshike binti peke yake. Ya pili wewe na baba mtoto. Ya tatu mwombeni jirani au rafiki, mtu ambaye hamsta hajui harufu yake, amshike kwa dakika chache, amgeuze taratibu kuangalia tumbo na meno. Anayefanana na jaji ni huyo mgeni.

Mnachokitafuta ni mwili wake. Hamsta aliyetulia masikio yamesimama, ananusa, anapanda mkono, anaweza hata kujipangusa uso akiwa kiganjani. Hiyo ni ruhusa. Lakini masikio yakilala nyuma, akiganda, akigonganisha meno, akijilaza chali na kupiga kelele, au akiuma, amekataa. Msimlazimishe. Nendeni mtazame tu, yeye abaki amelala kwake. Mtoto atalia siku moja, ni kweli, lakini atakuwa amejifunza kusikiliza mnyama asiyeweza kusema.

Hili linajibu swali lako la kumtesa, na nakupongeza kwa kuuliza, maana wengi wanaofika hawajajiuliza. Hamsta ni kiumbe wa usiku. Onyesho hufanyika mchana, saa zake za kulala, mahali penye harufu za hamsta wengine wengi. Huo ni usumbufu, na sitaufunika kwa maneno mazuri. Aliyezoea kushikwa huupokea kwa kujifukia kwenye maranda na kulala hadi zamu yake ifike, kisha akirudishwa analala tena. Kwa huyo, siku moja kwa nadra haina neno. Mwoga atakaa macho kutwa nzima akitafuna waya. Wapo watu wanaompeleka hamsta huyohuyo kila onyesho kwa sababu anashinda, nami hilo silikubali, hata kama sheria hailikatazi waziwazi. Sheria ya ustawi wa wanyama ya Uingereza na Wales ya mwaka 2006 inamwekea kila anayefuga jukumu la kutimiza mahitaji ya mnyama wake, na jukumu hilo halikomi kwa sababu mko safarini au ukumbini.

Matayarisho ya mwili ni machache, na jambo kubwa ni lile la kutofanya: msimwogeshe kwa maji. Maji huondoa mafuta ya manyoya na kumpiga baridi, na hamsta mwenye baridi huugua upesi. Manyoya marefu ya dume hujikunja na kushika maranda, hasa yale ya nyuma yanayoning'inia kama sketi, kwa hiyo binti atafute mswaki laini mpya, amchane kidogo kidogo kila jioni. Fundo lililokaza likatwe kwa mkasi wenye ncha butu, nawe ndiye ukate, si yeye. Kama mnamwekea zile pamba laini zinazouzwa madukani kwa kulalia, ziondoeni leo, onyesho liwepo lisiwepo. Nyuzi zake hujiviringisha miguuni na kukata damu, na akizimeza huziba tumbo. Karatasi nyeupe ya chooni, isiyo na manukato, ikichanwachanwa inatosha na ni salama.

Kuna mambo mawili yanayowatisha wazazi kila mwaka, wakafika mezani wakinong'ona kwamba mnyama wao anaumwa. La kwanza: mtakapomchana mtaona doa jeusi kila upande wa nyonga, limefichwa na manyoya, wakati mwingine lina unyevu. Si kidonda wala si uvimbe. Ni tezi za harufu, hamsta wa Kisiria wote wanazo, na kwa dume huonekana zaidi. Ila zikae pande zote mbili na zilingane; doa la upande mmoja linalokua ndilo la kupeleka kwa daktari. La pili: ule uvimbe mkubwa chini ya mkia wa dume ni korodani zake. Ndivyo alivyoumbwa, na siku ya joto huonekana kubwa zaidi.

Chunguzeni pia meno ya mbele. Yawe manne, yamenyooka, na rangi yake ya njano ni ya kawaida, si uchafu. Macho makavu na maangavu. Sehemu ya nyuma kavu kabisa. Hamsta mwenye unyevu chini ya mkia, harufu mbaya na mgongo uliojikunja ana ugonjwa wa kuhara unaoweza kumuua ndani ya siku mbili, na huyo safari yake ni kwa daktari siku hiyohiyo. Mkifika naye ukumbini mtarudishwa mlangoni, na ni haki.

Siku ya kusafiri mtieni kwenye tundu dogo la plastiki lenye kifuniko na matundu ya hewa, msitumie boksi la karatasi, atalitoboa kabla hamjafika barabara kuu. Ndani wekeni sehemu ya kiota chake alicholalia usiku huo, bila kusafisha. Harufu yake mwenyewe ndiyo itakayomtuliza. Maji yaacheni, chupa huvuja gari likitikisika na kumlowesha. Tango linatosha. Msimpe mbegu za alizeti asubuhi hiyo, maana atazijaza mashavuni, na jaji atakabidhiwa mnyama mwenye kichwa cha mraba ambaye hawezi kumpima vizuri. Wakati wa baridi funikeni tundu kwa shuka zito, kwani joto likishuka kukaribia nyuzi 5 hamsta anaweza kuzama kwenye usingizi wa baridi unaofanana na kifo. Wakati wa kiangazi hatari ni kubwa zaidi. Msimwache ndani ya gari hata dakika za kununua maji. Gari lililofungwa juani huua haraka.

Ukumbini mtakaa muda mrefu. Bebeni chakula chenu. Mashindano ya makundi hufuatana polepole, na mtoto atachoka katikati; hapo mpelekeni akawaone hamsta wadogo, wale wa Campbell na wa Roborovski, na wa Kichina mwenye mwili mrefu na mkia unaoonekana. Asiguse kizimba cha mtu bila ruhusa, na asipitishe kidole kwenye waya kimoja kisha kingine, hivyo ndivyo magonjwa yanavyosafiri. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula. Kama kuna mjamzito katika familia, yeye asishike hamsta wala asisafishe tundu. Wanyama hawa wanaweza kubeba kirusi kinachoitwa LCMV, kinachoweza kumdhuru mtoto tumboni.

Baada ya matokeo, ndipo wakati wenu. Msikimbilie utepe. Ombeni maneno ya jaji. Huwa ni mafupi mno: "mzito kidogo", "kucha ndefu", "mpole sana, manyoya yana fundo ubavuni". Maneno hayo matatu manne ni ukaguzi wa mtu aliyeshika hamsta wengi kuliko madaktari wengi wa wanyama, na mtoto anaweza kuyafanyia kazi kuanzia kesho yake. Majaji na wafugaji wakishamaliza hupenda kuzungumza, hasa na mtoto anayeuliza. Binti aandike maswali yake kwenye daftari kabla, la sivyo aibu itamfunga mdomo.

Sasa baba mtoto. Mwenzake wa kukaa naye, hapana, kabisa. Hamsta wa Kisiria hukaa peke yake maisha yake yote. Ndugu wa tumbo moja huvumiliana wakiwa wachanga, kisha wakifika wiki kadhaa huanza kupigana, na vita vyao huishia kwenye kifo. Si upweke; kwake kuwa peke yake ndiyo amani. Akiwekewa jike, balaa ni jingine: mimba yake ni siku 16 tu, na mtajikuta na watoto kumi wanaohitaji kila mmoja tundu lake.

Kama familia ina nafasi ya tundu la pili, kubwa, chumba kingine, basi onyesho ni mahali pazuri pa kumjua mfugaji. Lakini siku hiyo msinunue. Chukueni mawasiliano, ulizeni, mrudi nyumbani mkatafakari kwanza. Muulizeni mfugaji wazazi wa hamsta huyo mchanga walikuwa aina gani. Mfugaji makini hapandishi hamsta wawili wenye manyoya ya kung'aa yale yaitwayo satini, kwa sababu watoto hutoka na manyoya membamba yaliyopukutika, na hapandishi wawili wenye vinasaba vya roani, yaani manyoya meupe yaliyochanganyika na ya rangi, kwa sababu baadhi ya watoto huzaliwa bila macho. Anayelijibu swali hili bila kusita na kukuonyesha kumbukumbu zake ndiye wa kumwamini. Na mjue kwamba kwa sheria ileile ya 2006, mtoto wa chini ya miaka 16 hauziwi mnyama, kwa hiyo binti asitembee na akiba yake akidhani atawashangaza.

Umegusia, kwenye mstari wako wa mwisho, kwamba bibi yake binti kule Tanga anauliza kwa simu kwa nini mjukuu wake anafuga panya. Mwambieni habari hii, huenda ikampendeza. Hamsta wa Kisiria ni wa familia nyingine na panya wa nyumbani, na kwao ni mashamba ya karibu na Halabu, huko Syria. Mwaka 1930 Israel Aharoni, mtaalamu wa wanyama wa Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Jerusalem, alimpata huko jike na watoto wake shimoni. Wengi walikufa au kutoroka, na wachache waliobaki ndio waliozaa. Mwaka 1931 baadhi ya uzao huo uliletwa Uingereza na Saul Adler, aliyekuwa akitafiti ugonjwa wa leishmania. Karibu hamsta wote wa Kisiria wanaofugwa duniani wametoka kwenye shimo lile moja, na rangi zote mtakazoziona mezani, krimu wa binti yenu akiwemo, zimetokea kwenye ufugaji. Porini rangi ni ile moja ya dhahabu, na huko kwao sasa wako hatarini kutoweka.

Mkirudi, hamsta aende moja kwa moja kwenye tundu lake, apewe maji na chakula, aachwe. Asishikwe usiku huo, hata kama mashangazi wamekuja kumpongeza. Kama mnaye mnyama mwingine mdogo nyumbani, watenganisheni kwa wiki mbili na binti aoshe mikono akitoka kwa huyu kwenda kwa yule. Akipiga chafya, akikataa kula au akilowa nyuma katika siku hizo, daktari, bila kungoja kesho.

Jambo la mwisho ni la haraka: kuandikisha hufungwa siku kadhaa kabla ya onyesho, na siku yenyewe huwezi kufika na hamsta mkononi ukaomba nafasi. Tafuteni fomu kwa katibu wa onyesho sasa. Kwenye sehemu ya kundi andikeni hamsta wa nyumbani, na kama kuna kundi la watoto wekeni alama hapo pia. Mkiona ndani ya zile wiki tatu kwamba amekataa, mpigieni katibu mumwondoe, kisha mwende wenyewe.